Milango Miwili ya Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 9 Mei 1998

Penisilini kijiko kimoja. Foliki nusu kidonge, nimekisaga ndani ya uji. Azza katema. Nikampa tena, katema tena. Nikamuimbia, kameza.

Maji chupa ya kwanza kabla sijatoka. Mtoto wa sikoseli hatakiwi kukaukiwa. Sista Vasanti anasema damu yake hukwama mishipani kama magari ya hapa mjini Ruwi siku ya sikukuu.

Saa moja u nusu nimempeleka mlango wa kulia, kwa Rukhsana. Rukhsana ni wa Karachi, watoto wake watatu wako skuli, na mikono yake haijui kuchoka. Mlango wa kushoto ni wa Sista Vasanti, Mhindi wa Kerala, nesi wa zamu za usiku. Mimi nimo katikati. Vasanti akiamka, saa tisa mchana, huvuka kwenda kwa Rukhsana, humlaza Azza chali na kumwekea vidole viwili chini ya mbavu za kushoto. Anapima bandama. Likivimba ghafla linavuta damu yote ya mtoto, na saa chache tu zinatosha kumpoteza. Lilishamvimba mara moja, alipokuwa na mwaka mmoja. Vasanti ndiye aliyeligundua.

Vidole vyangu vimeshajifunza, lakini mchana viko kazini, kwenye swichibodi ya kampuni ya pampu za maji. Saa mbili mpaka saa kumi na moja nasema maneno yaleyale matatu kwa kila anayepiga.

Mume wangu Said yuko kambi ya jeshi Salalah, kusini mwa Omani. Atakuja mwezi wa sita. Nimechoka. Ndiyo hivyo.

Jumatatu, 11 Mei

Narudi kutoka kazini namkuta Mohanan, mume wa Vasanti, kasimama mlangoni na sahani ya ladu, tamutamu za Kihindi. Anacheka mpaka masikio. Nikadhani dada yake kaolewa. Nikasema mabruk. Akasema, "Asante, asante sana, ni furaha yetu sote."

Sahani hairudi tupu. Mama alinilea hivyo na mama yake alimlea hivyo. Nikazitoa ladu, nikaijaza sahani halua ya zaafarani niliyoletewa Ijumaa, nikamrudishia. Ladu zenyewe nyingi. Nusu nikampelekea Rukhsana kwenye sahani yangu ya maua, nikaifunika kitambaa. Tukala moja moja tumesimama mlangoni. Tamu. Azza kalamba vidole vyangu.

Leo maji chupa nne. Bandama halijambo.

Jumanne, 12 Mei

Asubuhi sahani yangu ilikuwa chini, mbele ya mlango. Imeoshwa. Tupu.

Rukhsana kanipokea mtoto bila kunitazama. Kazini ndipo nilipoelewa. India wameripua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, jangwani, karibu na mpaka wa Pakistan. Ladu zilikuwa za bomu. Mimi nimelipongeza bomu kwa halua, kisha nikampelekea mwanamke wa Karachi aile nusu yake. Na kaila. Mumewe Aslam kamkuta anawagawia watoto.

Nimeona haya. Jioni nikaenda kumwomba radhi. Kasema, "Wewe hukujua, baji. Lakini yule alijua." Baji kwao ni dada. Yule ni Vasanti. Nikamwambia Vasanti alikuwa zamuni, pengine hata ladu yenyewe hajaionja.

Huko chini Mohanan anamwambia kila anayepita kwamba hata Waomani wamewapongeza, wamewaletea halua. Huyo Mwomani ni mimi.

Alkhamisi, 14 Mei

Jana wameripua mengine.

Kazini mhasibu wetu Mhindi na karani wa stoo Mpakistani walikuwa wakila pamoja kila siku, kopo moja la chakula. Leo kila mtu mezani kwake. Nilikuwa naunganisha simu nikiwasikia. Mhasibu anajisifu kwamba setilaiti za Wamarekani zilipita juu ya lile jangwa wakati wanachimba, hazikuona hata jembe. Karani akamwambia ngoja, iko siku tutazipiga zenu hukohuko juu mbaki vipofu. Mhasibu akamuuliza, "Utazipiga na nini, manati?" Watu wakacheka. Karani hakucheka.

Nikakaa nalifikiria hilo. Kumbe mtu haanzi na mji wa mwenziwe, anaanza na jicho lake.

Nyumbani ndiyo hivyo hivyo. Dishi kubwa lililo juu ya paa Aslam na Mohanan walilinunua pamoja mwaka jana, kwa ajili ya kriketi. Aslam kapanda kaligeuza lielekee setilaiti ya kwao. Kwa Mohanan televisheni imekuwa mchele mtupu, picha hakuna. Kapanda kaligeuza. Aslam kapanda tena. Watu wazima hawa, wana mvi.

Saa tisa Vasanti kagonga kwa Rukhsana kama kawaida. Hakufunguliwa. Alisikia watoto ndani, na Azza akicheka. Kangoja, karudi kwake. Hii kaniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini sana, huku akifunga saa mkononi kwenda kazini.

Leo hakuna aliyempima mwanangu mpaka niliporudi mimi.

Ijumaa, 15 Mei

Tumekwenda Mawaleh kwa Mama. Nikamsimulia. Nilidhani atanicheka kwa ile halua. Hakucheka. Mama alitoka Unguja mwaka sitini na nne na bahasha ya picha na kanga mbili. Huwa hasemi. Leo kasema, "Nnakwambia mwanangu, jirani haanzi na panga. Huanza na salamu, haitikii."

Kisha akataka nihamie kwake, niache kazi, yeye amlee Azza. Mama goti bovu, macho yana ukungu, na akisikia bandama anasema ni jicho la watu, mtoto asomewe. Asomewe, sikatai. Lakini bandama lipimwe.

Nikamwambia sihami. Kanuna. Wakati wa kuondoka kanijazia teksi mikate ya mofa.

Jumamosi, 16 Mei

Nimeomba ruhusa ya asubuhi. Kwanza nikaenda mlango wa kulia. Rukhsana kasema, "Mtoto nitamlea mpaka nife. Lakini yule asikanyage kwangu. Aslam kasema." Nikaenda kushoto. Vasanti kasema, "Mimi nimewafungia vidonda watu wa kila nchi. Lakini siwezi kugonga mlango mara ya pili kwa mtu aliyenisikia mara ya kwanza."

Wote wawili nawapenda. Wote wawili leo niliwachukia, nusu saa hivi.

Nikafanya hivi. Azza atakaa kwangu. Rukhsana ndiye atakayemfuata, aje kukaa kwangu kuanzia saa moja u nusu. Saa tisa kasorobo atoke, arudi kwake. Saa tisa Vasanti aingie, apime, atoke. Saa tisa na robo Rukhsana arudi. Kila mmoja nimempa ufunguo. Nikawaambia, kila mtu na lugha yake, lakini maneno ni hayohayo: humu ndani serikali ni mimi, sitaki mabomu, sitaki Delhi wala Islamabad, nataka mtoto aliyekunywa maji.

Rukhsana kauliza, "Na hiyo robo saa nani atakaa naye?"

Nikamwambia atakuwa amelala. Hulala wakati huo. Nikajisikia mwongo.

Jumatano, 20 Mei

Inakwenda. Kama reli mbili, hawakutani. Rukhsana anaacha chai kwenye chupa, Vasanti anaikuta moto, anainywa, anaosha kikombe. Hakuna anayesema nani kaiacha na nani kaiosha. Mimi naona kikombe.

Jioni namfundisha Rukhsana kupima. Namshika vidole, nambonyeza taratibu. Anaogopa kumuumiza. Anasema anasikia laini tu, kila mahali laini. Azza anadhani tunamtekenya, anajikunja kwa kicheko. Naye akicheka tumbo linakaza, hatusikii kitu. Tukaishia kucheka sote watatu.

Said kapiga simu. Kasema jeshini huwa wanaambiana adui wa mbali humwogopi, unamwogopa unayemsikia akikohoa. Nikamwambia mimi hapa nawasikia wote wawili wakikohoa, na ndio wanaonilelea. Kauliza chupa ngapi leo. Tano.

Jumapili, 24 Mei

Joto. Umeme ulikatika mchana saa nzima. Rukhsana kamfunika Azza kitambaa cha maji, kampepea kwa ubao wa kukatia mboga.

Vasanti kaniachia karatasi: *Bandama kidole kimoja chini ya mbavu. Jana hivyohivyo. Macho kidogo manjano. Maji zaidi.*

Mwandiko wa kinesi. Nimeiweka ndani ya msahafu, sijui kwa nini.

Alkhamisi, 28 Mei

Leo kazini wametupa nusu siku. Mchana Pakistan nao wameripua. Ruwi imejaa honi kuanzia saa tisa, magari yanazunguka na bendera dirishani, watu wanarushiana ladu. Ladu zilezile, duka lilelile.

Rukhsana kanijia macho mekundu. Nikadhani amefurahi. Kasema kaka yake ni askari mpakani, na tangu wiki mbili hajapiga simu nyumbani. Kasema Aslam anacheza dansi na wenziwe sebuleni, naye kajifungia chooni. Nimemkumbatia. Nyembamba kuliko nilivyodhani.

Watu wa Aslam wameweka boksi la ladu mbele ya mlango wa Mohanan, wameandika juu yake. Sijui wameandika nini. Mohanan kalipiga teke, zikasambaa ngazi nzima. Vasanti katoka na ufagio, kazizoa moja moja. Nikamsaidia. Kwenye ghorofa ya kwanza tulipofika kasema, "Kesho kutwa sitakuja. Mwambie yule awe anapima mwenyewe."

Nikamwambia, "Sista, hajui."

Kasema, "Basi ajifunze, kama walivyojifunza bomu."

Hajawahi kuniambia neno kali. Na machozi yalikuwa yanamtoka huku anafagia.

Ijumaa, 29 Mei

Azza kakataa uji. Kajoto kidogo. Nimempa maji kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, asubuhi mpaka adhuhuri. Kidole kimoja. Nimepima mara sita. Nimegonga kushoto, Mohanan kasema kalala. Nafikiri hakuwa amelala.

Kesho nisiende kazini? Nimeshachukua ruhusa mbili mwezi huu. Bosi alisema ya tatu nisiombe.

Jioni joto la mwili limeshuka. Kala ndizi nusu. Nitakwenda.

Jumapili, 31 Mei

Naandika kwenye benchi la wodi ya watoto. Jua limeingia dirishani. Azza anaongezewa damu, chupa ya pili. Yuko hai. Naliandika kwanza hili ili nikija kusoma siku nyingine nisishtuke.

Jana, Jumamosi. Mchana tukasikia Pakistan wameripua tena. Kama saa nane na nusu taa ya laini ya nje ikawaka, nikasema maneno yangu matatu. Rukhsana. Hakunisalimia. Kasema, "Baji, midomo imekuwa nyeupe. Tumbo limejaa upande. Nimelisikia. Sasa ndiyo nimelisikia, kama jiwe."

Nikamwambia, "Gonga kwa Sista."

Nilikuwa nasikia mafeni ya nyumbani kwangu.

Kasema, "Hatafungua. Mimi sikumfungulia."

Nikamwambia, "Rukhsana. Gonga. Asipofungua vunja."

Nikasikia simu inawekwa mezani, haikukatwa. Nyayo. Nikasikia mlango wangu, kisha kugonga. Kagonga kwa kiganja, si kwa vidole. Kagonga na kuita, "Didi, didi." Ni dada, kwa lugha ya Wahindi. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo. Mengine sikuyasikia tena, maana nilikwishatupa headseti. Laini zote zilikuwa zinawaka. Nikaziacha ziwake. Nimekimbia kutoka ofisini mpaka kituo cha teksi kwa jua la saa tisa kasoro, buibui nimelikunja mkononi kama kifurushi.

Nyumbani milango mitatu yote wazi. Hakuna mtu. Simu bado iko mezani. Mlinzi wa chini kasema wamekwenda, wanawake wawili na mtoto, wamesimamisha teksi katikati ya barabara.

Hapa hospitali niliwakuta mlango wa dharura. Vasanti alitoka usingizini vilevile alivyo, gauni la kulalia, miguu mitupu. Juu ya mabega kafunikwa mtandio wa kijani. Wa Rukhsana. Na Rukhsana kichwa wazi mbele ya wanaume wote wale, nywele zimemtoka kwenye kibanio, naye hajui. Aslam angemwona. Vasanti alikuwa anamwambia daktari kijana kwa Kiingereza cha haraka, usisubiri majibu, leta damu sasa, mimi namjua mtoto huyu. Daktari kamtazama gauni. Kamwuliza yeye ni nani wa mtoto.

Rukhsana ndiye aliyejibu. Kwa Kiarabu chake cha sokoni kasema, "Huyu daktari wake. Fanya anavyosema."

Wakaleta damu.

Daktari mkubwa alikuja baadaye. Kasema saa moja zaidi, basi. Hakumaliza. Nikamshukuru kwa kutomaliza.

Jumatatu, 1 Juni

Bandama limeanza kunywea. Leo vidole vitatu, juzi lilifika kitovuni. Azza kauliza ladu. Nimemwambia hakuna. Kalia. Kulia kwake kuna nguvu, nimekusikiliza kama kasida.

Juzi jioni Aslam alifika, kasimama mwisho wa ukumbi na funguo za gari mkononi. Mohanan alikwishakuwepo, dirisha la pili. Hawakusalimiana. Kila mmoja anatazama maegesho kana kwamba ndiko mtoto aliko. Nilimwona Aslam kamtazama mkewe kichwa. Nikajiandaa kusema, nilikuwa na maneno tayari, makali. Katoa leso yake ya mfukoni, kampa. Kisha kamgeukia Vasanti, macho chini, kauliza, "Sista, atapona?"

Vasanti kamwambia, "Inshallah."

Ndiyo hayo tu. Sitaki kuyafanya makubwa.

Said kapata ruhusa. Anakuja kesho kwa ndege ya jeshi.

Alkhamisi, 4 Juni

Tumerudi nyumbani. Kazini nimepewa barua ya onyo. Kampuni nzima ilikaa dakika arobaini haijibu simu. Nimetia sahihi. Bosi kauliza kama nina la kusema. Nikamwambia yakitokea tena nitaondoka tena, na afadhali amfundishe mtu wa pili ile swichibodi. Kasema atafikiri. Mhasibu na karani walikuwa wanajifanya kusoma.

Mama kaja na teksi kutoka Mawaleh, goti na yote. Kakaa na Azza mapajani, kamsomea. Aliposikia habari yote kataka kuwaona. Nikawaita. Mama kawashika mikono, mmoja huku mmoja huku, kasema kwa Kiswahili, ambacho hata mmoja hakijui, "Mungu akupeni mnalolitaka." Wakanitazama niwatafsirie. Nikawaambia, anasema asanteni.

Jumamosi, 6 Juni

Si kwamba yamekwisha. Aslam na Mohanan wakipishana ngazini kila mmoja anashika ukuta wake. Redioni bado wanahesabiana mabomu, nani ana makubwa. Kaka yake Rukhsana hajapiga simu. Vasanti anajua. Leo kamwuliza, "Habari ya nyumbani?" na Rukhsana kasema, "Bado." Vasanti kasema, "Simu za mpakani ngumu." Kisha wakaendelea kukunja nguo za Azza. Nilikuwa jikoni. Nimesimama nimeshika mwiko mpaka uji umeungua.

Sijui kama nchi zao zikipigana kweli watafunguliana. Sijawauliza. Nimewaambia jambo moja tu, ile robo saa nimeifuta. Anayefika afike, anayekaa akae.

Jumanne, 9 Juni

Bado nina siku mbili za likizo ya kuuguza. Said karudi Salalah asubuhi.

Baada ya adhuhuri wamekuja wote wawili, mmoja baada ya mwingine, hawakuambizana. Vasanti hana zamu leo. Rukhsana kaleta dengu za kuchagua. Wakakaa chini sebuleni, sinia katikati, Azza anawaharibia. Nikasema ngoja nijinyooshe dakika tano.

Niliwasikia kupitia mlango. Wanabishana. Kitunguu kinatangulia kwenye mafuta au haradali inatangulia. Kwa Rukhsana kitunguu. Kwa Vasanti haiwezekani, haijapata kuwezekana. Sauti zinapanda, Azza anapanda nazo. Nikataka kuinuka niwaambie wasigombane.

Sikuinuka. Nikalala. Saa mbili nzima, mchana, nimevaa nguo zangu, mlango wazi, na hakuna aliyeniamsha.